Shamba Linauzwa, Ini Limechoka

Jina la mgonjwa, picha yake akiwa bado na mashavu, namba ya M-Pesa. Wakazi wengi wa Nairobi wamewahi kuingizwa kwenye kikundi cha WhatsApp cha namna hii: saratani ya ini, safari ya India, shamba la mzee limeshapata mnunuzi. Na humo ndani hakosekani muuguzi wa ukoo aliyetaja tiba shufaa, ile ya kumpunguzia mgonjwa mateso pale ugonjwa usipoponyeka, akaambiwa anamchimbia mtu kaburi angali hai.

Wanaotaka safari wana hoja. Uvimbe ukionekana mapema hukatwa, au huchomwa kwa sindano ya joto, na wapo wanaopona kabisa. Kwa kubadilishiwa ini, vigezo vya Milan vya mwaka 1996 bado ndivyo vinavyotumika sana: uvimbe mmoja usiozidi sentimita 5, au hadi mitatu isiyozidi sentimita 3 kila mmoja. Aliye ndani ya mipaka hiyo, na ana ndugu wa kumkatia kipande cha ini, mimi namchangia bila swali.

Lakini wengi wetu hufika hospitali macho yakiwa ya njano na tumbo limejaa maji. Hapo hutajwa dawa, na dawa iliyotegemewa miaka mingi ni sorafenibu. Katika jaribio lililochapishwa 2008, nusu ya walioimeza walivuka miezi 10.7; nusu ya waliopewa kidonge kisicho na dawa walivuka miezi 7.9. Toa mwenyewe. Haifiki miezi mitatu, na ndani yake kuna kuhara na viganja vinavyobabuka. Tena karibu wote walioshiriki walikuwa na ini linalofanya kazi vizuri. Mgonjwa wetu mwenye tumbo la maji asingepokelewa kwenye jaribio lile, kwa hiyo hata hiyo miezi mitatu kasoro hakuna aliyemwahidi. Ni sisi tuliojiahidi kwa niaba yake.

Kuna dawa mpya za dripu, atezolizumabu pamoja na bevasizumabu, ambazo katika jaribio jingine zilifikisha nusu ya wagonjwa miezi 19.2 pale sorafenibu ilipoishia 13.4. Hiyo ni hatua ya kweli. Sharti, hata hivyo, ni lile lile: ini liwe na nguvu.

Tiba shufaa haimaanishi kumrudisha mtu nyumbani na panado. Ni mofini ya kunywa kwa vipimo na saa zake, maji ya tumboni kutolewa, dawa ya muwasho unaomnyima usingizi, na mtu wa kukaa na familia kuzungumzia madeni na karo wakati mgonjwa bado anaweza kusema. Nairobi Hospice imefanya kazi hiyo tangu 1990, pale pale kwenye uwanja wa Hospitali ya Kenyatta. Wanaosema huko ni kukata tamaa, nahisi wengine wanatafuta neno la kusema matangani: tulijaribu.

Kingine kinanisumbua. Saratani hii mara nyingi huanzia kwa virusi vya homa ya ini aina ya B, ambavyo mama anaweza kumwachia mtoto wakati wa kujifungua. Chanjo iliingia kliniki zetu za watoto mwanzoni mwa miaka ya 2000, hivyo wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata. Kwenye kikundi kile wamo kaka na dada za mgonjwa, wa tumbo moja. Wanaulizana kila siku nani ametuma ngapi. Sijaona anayeuliza nani amepimwa.