Sentimita arobaini kutoka kinywani

Maiki ya kawaida iliyo sentimita 40 kutoka kinywani mwa mwigizaji huishinda maiki ya bei mara kumi iliyofungwa juu ya kamera, mita tatu kutoka hapo. Nasema hivyo bila kusita. Filamu zetu nyingi za bajeti ndogo zinazopigwa Dar es Salaam na Nairobi siku hizi zina picha safi, rangi nzuri, taa zilizopangwa kwa akili. Ukifumba macho ukasikiliza tu, unamsikia mtu anazungumza kama yumo ndani ya pipa, na nyuma yake pangaboi linasaga. Lawama hupelekwa kwa maiki, kisha inanunuliwa nyingine ya bei zaidi, na filamu inayofuata inatoka na pipa lilelile.

Hesabu yake iko wazi. Kila umbali unapoongezeka maradufu, sauti inayotoka moja kwa moja kinywani hupungua kwa desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti). Kutoka sentimita 40 hadi 80 umepoteza 6. Ukifika mita 1.6 umepoteza 12, na mita 3.2 umepoteza 18. Pangaboi, jokofu na mwangwi wa kuta haviondoki na umbali huo, kwa kuwa vimekijaza chumba kizima. Fundi akipandisha geini, yaani nguvu ya kurekodi, kwa 18 ili kufidia, anapandisha na pangaboi kwa 18 zilezile. Programu za kusafisha sauti zinasaidia kidogo, lakini zikilazimishwa hula na zile "s", "sh" na "f" za maneno, na mazungumzo yanatoka kama ya mtu aliyezibwa mdomo kwa mto.

Kwa hiyo fedha za kwanza ziende kwenye kinachoifikisha maiki karibu na mdomo: fimbo ya maiki, yaani bumu, na mtu wa kuishika. Mita 2.5 hadi 3 zinatosha kwa vyumba vingi. Asiyeweza kununua fimbo ya kaboni atumie mpini wa kurefusha wa rola ya rangi kutoka duka la vifaa vya ujenzi, ila ahakikishe kichwa chake kinapata skrubu ya inchi 3/8, ambayo ndiyo hutumika kwenye fimbo za bumu. Vifaa vya kamera hutumia 1/4, na kile kiungio kidogo cha kutoka kipimo kimoja hadi kingine kikisahaulika nyumbani, siku imeharibika. Kishikio chenye mpira wa kumeza mtikisiko si anasa. Bila hicho kila kidole kinachosogea kwenye fimbo huingia kwenye rekodi kama ngurumo. Waya ufungwe kwenye fimbo usigongegonge, na karibu na maiki uachiwe kitanzi kidogo kilicholegea.

Linaloniudhi ni jinsi kazi hii inavyogawiwa. Fimbo hupewa kijana yeyote aliyekosa shughuli asubuhi hiyo, naye hajaisoma hati ya filamu. Mshika fimbo anapaswa kuyajua mazungumzo karibu kama waigizaji wenyewe, kwa sababu maiki igeuzwe kabla mwigizaji hajafungua mdomo, si baada ya neno la pili. Ahudhurie mazoezi, amwombe mtu wa kamera amwonyeshe ukingo wa fremu, ashushe maiki mpaka ionekane, kisha aipandishe kwa upana wa kiganja. Hapo ndipo mahali pake. Fimbo ishikwe juu ya kichwa, viwiko vimenyooka, ili mifupa ibebe uzito badala ya misuli.

Maiki itoke juu ikielekea chini, imelenga kati ya mdomo na kifua. Ikitoka chini kwenda juu inalenga dari, na kwenye dari zetu kuna pangaboi au mabati. Sakafu ina kelele chache kuliko paa.

Sasa aina ya maiki. Maiki ndefu ya mrija, kama Sennheiser MKH 416 inayojulikana kila mahali, imekuwa alama ya mtu wa sauti, na watu huibeba hadi chumbani. Chumbani ndipo inapowaangusha. Mrija wake hufanya kazi kwa kuzifanya sauti za pembeni zipishane na kufutana, na mrija wa sentimita 25 huanza kufanya hivyo vizuri kuanzia takriban Hz 1,400 (mitetemo 1,400 kwa sekunde) kwenda juu. Mngurumo wa jenereta uko chini kabisa ya hapo, kwa hiyo mrija hauuzuii. Tena katika chumba cha matofali ya saruji, sakafu ya vigae na dari ya jipsamu, mwangwi unarudi kutoka kila upande kwa nyakati tofauti, unaingia kwenye matundu ya mrija ukiwa umevurugika, na sauti inatoka tupu. Kwa ndani chukua maiki fupi yenye uelekeo mwembamba: Audio-Technica AT4053b, au Oktava MK-012 yenye kichwa cha aina hiyo kwa mwenye bajeti ndogo. Ile ndefu ibaki kwa kazi za nje, ambako hakuna kuta.

Maiki hizi hudai umeme wa volti 48 kutoka kwenye kinasa sauti, na umeme huo hula betri. Kinasa kidogo cha betri mbili za AA kikilisha maiki mbili hakimalizi nusu siku. Tumia betri za kuchaji za NiMH, seti tatu, zilizoandikwa namba ili mpya na iliyokwisha zisichanganyike.

Kuhusu vinasa vya biti 32 (float), vinavyopokea mnong'ono na kelele bila kupangiwa kiwango, mfano Zoom F3 isiyo hata na kitufe cha geini, nadhani sifa zake zimepitiliza. Ni kweli mwigizaji aliyenong'ona mazoezini akija kupiga kelele kwenye teki, yaani kamera inaporekodi, rekodi haitakatika kwenye kinasa. Lakini kama sauti ilishachanika ndani ya maiki yenyewe au ndani ya kirushi, kile kisanduku kinachorusha mawimbi cha maiki isiyo na waya, kinasa kitaihifadhi ikiwa imechanika vilevile. Na kinasa hicho hakiondoi ile sauti ya pipa. Kinasa cha biti 24 na kHz 48, mazungumzo yakicheza karibu na desibeli -20 kwenye kipimo chake na vilele vyake visizidi -12, kinatosha kabisa kwa filamu. Kama kina nafasi, rekodi njia ya pili ya akiba iliyoshushwa desibeli 12. Njia moja ya biti 24 hula takriban MB 520 kwa saa, kwa hiyo kisingizio cha kadi kujaa hakina mashiko.

Hedifoni ziwe za kuziba masikio, na mtu wa sauti azivae tangu mazoezi mpaka mwongozaji aseme kata. Mshale wa kipimo cha sauti unaopanda na kushuka haukuambii kama hicho unachokiona ni maneno au ni shati linalosugua maiki.

Maiki za kifuani zisizo na waya nazipa nafasi ya pili, si ya kwanza. Zinasaidia picha ya mbali pale fimbo isipofika, lakini zina maadui wawili hapa kwetu: nguo na jasho. Kitenge kipya kina ukakamavu unaochakacha kama karatasi kila mwigizaji anapopumua. Mwambie mtu wa mavazi akifue mara mbili kabla ya siku ya kupiga. Pamba iliyofuliwa ni rafiki. Buibui la poliyesta ni gumu zaidi. Kata vipande viwili vya plasta ya hospitali, ukunje kila kimoja kuwa pembetatu yenye gundi kwa nje, maiki uiweke katikati kama nyama kwenye sambusa. Upande mmoja ushike ngozi au nguo ya ndani, mwingine ushike nguo ya nje, ili chochote kinachosogea kisogee pamoja na maiki. Mahali pazuri ni katikati ya kifua, sentimita 15 hadi 20 chini ya kidevu. Ukiipandisha shingoni chini ya mtandio, kidevu kinaziba na sauti inakuwa nzito, bila makali. Waya wake upigwe kitanzi na kubandikwa, ili ukivutwa usiivute maiki. Kirushi kifungwe kwenye kimfuko kisichopitisha maji, maana jasho la saa sita mchana wa Februari huingia kwenye plagi na kuleta mikwaruzo ambayo utahangaika nayo ukidhani ni masafa ya redio.

Na masafa yenyewe: vifaa vinavyotumia GHz 2.4 hugombana na Wi-Fi, na mwili wa binadamu huyameza mawimbi hayo. Kirushi kikiwa mgongoni na kipokezi kikiwa mbele, sauti inakatika. Kiweke upande unaotazamana na kipokezi. Anayenunua vifaa vya UHF (masafa ya redio yaliyo chini ya hayo) vilivyotumika atazame namba zilizoandikwa nyuma yake. Masafa ya MHz 694 hadi 790 katika kanda yetu ya mawasiliano yametengewa mitandao ya simu, hivyo kifaa cha zamani kinachoishi humo kitapambana na minara. Hata kwa masafa yaliyo chini ya hapo, ulizia kwanza TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa Tanzania au Mamlaka ya Mawasiliano kwa Kenya.

Unyevu wa pwani unastahili heshima. Maiki ikitoka kwenye gari lenye kiyoyozi moja kwa moja hadi ufukweni, mvuke unatanda kwenye utando wake, inaanza kupasukapasuka kama mahindi kikaangoni. Iache ndani ya begi lililofungwa kwa nusu saa ipate joto taratibu. Vifuko vya silika vikae ndani ya begi siku zote. Hapa MKH 416 ina fadhila yake: mzunguko wake hutumia masafa ya redio, na unyevu hauisumbui kirahisi. Kwa upepo, sponji peke yake ni ya ndani. Kipindi cha kaskazi au kusi pale Coco Beach linahitajika tundu kama la ndege, lenye nafasi ya hewa kuizunguka maiki, kisha koti la manyoya juu yake. Manyoya yaliyobana maiki bila nafasi hiyo hayafikii nusu ya kazi.

Haya yote hayataokoa eneo baya. Anayekwenda kukagua nyumba aende siku na saa ileile itakayopigwa picha. Nyumba iliyo kimya Jumanne asubuhi inaweza kupakana na kanisa lenye spika kubwa Jumapili. Piga kofi moja katikati ya chumba. Ukisikia mlio unaobaki, andaa magodoro, mablanketi na mikeka, yawekwe nje ya fremu hasa upande anaoutazama mwigizaji. Yajulikane kwa kazi yake: yanameza mwangwi wa ndani, hayazuii bodaboda ya nje. Saa za adhana zinajulikana, basi ziandikwe kwenye ratiba ya siku na zipangiwe picha zisizo na maneno. Kunguru wa Dar hawana ratiba, lakini mabaki ya chakula cha wapigapicha yakiachwa uani wanakuja. Paa la mabati na mvua havina dawa. Hamishia mazungumzo siku nyingine.

Pangaboi lizimwe, waigizaji wapumzishwe nje kila baada ya dakika 20. Jokofu lichomolewe, na ufunguo wa gari uwekwe ndani yake, ili asiwepo wa kuondoka akaliacha limezimwa na nyama ya wenyewe ikaoza. Simu zote ziwe kwenye hali ya ndege, kwani simu inayotafuta mtandao karibu na waya huingiza ule mlio wa "trrr trrr". Jenereta liende mbali iwezekanavyo, nyuma ya ukuta, na waya mrefu wa umeme ununuliwe kwa ajili hiyo.

Kuoanisha sauti na picha ni jambo dogo: kibao cha kuanzishia teki kipigwe mbele ya kamera, jina la sini na namba ya teki zisemwe kwa sauti, na maiki ya kamera iachwe ikirekodi. Teki ndefu za saa nzima huachana kidogo. Kamera na kinasa ambavyo saa zao zinapishana sehemu 20 kwa milioni hutofautiana milisekunde 72 kwa saa, karibu fremu mbili kwa filamu ya fremu 25 kwa sekunde. Kata teki fupi.

Na teki ya mwisho ikikubalika, mtu asiguse kiti wala taa. Watu wote wabaki walipo, maiki ibaki ilipokuwa, irekodiwe sekunde 60 za ukimya wa chumba kile. Mhariri atakapokata kikohozi katikati ya sentensi, atahitaji ukimya huohuo wa kuziba tundu. Ukimya wa chumba kingine hausaidii, kwa sababu kila chumba kina wa kwake.