Mlevi anapoanza kutunga hadithi

Karibu kila mtaa una mzee wa kilabuni ambaye vijana humchokoza ili wacheke. Muulize amekula nini asubuhi. Atakujibu bila kusita: chapati na maharage, kwa dada yake, na wakapiga soga mpaka jua likawa kali. Dada mwenyewe alishazikwa zamani. "Mzee kwa kamba humuwezi!"

Mimi kicheko hicho kinanikera. Huenda mzee hadanganyi hata kidogo. Mwaka 1887 daktari wa Urusi, Sergei Korsakoff, alianza kuandika habari za wagonjwa wa namna hii, wengi wao wanywaji. Wanaongea vizuri, ya ujanani wanayo, lakini la robo saa iliyopita halipo. Pengo hilo ubongo huliziba kwa chochote ulichonacho, na mwenyewe anaamini anachosema.

Chanzo ni upungufu wa vitamini B1, yaani thiamini. Pombe huzuia utumbo kuifyonza, na mtu wa gongo mara nyingi hali chakula cha maana. Akiba ya mwilini ni ya wiki chache tu. Ikiisha, huumia vinundu viwili vidogo vilivyo chini ya ubongo, pamoja na sehemu za talamasi, kituo cha kupitishia taarifa katikati ya ubongo. Humo ndimo inamopita njia itokayo hipokampasi, sehemu ya ubongo inayojenga kumbukumbu, na bila njia hiyo kumbukumbu mpya hazishiki, hata kama hipokampasi yenyewe haijaumia sana.

Kabla ya kufika huko huwa kuna dalili: kuchanganyikiwa, macho kuchezacheza, kuyumba. Sasa nani atashtuka kumwona mlevi anayumba? Wengi tunawapoteza hapo hapo, ilhali sindano za thiamini zikiwahi huokoa. Zikichelewa, wengi hawarudi walivyokuwa.

Tena si walevi peke yao. Mjamzito anayetapika wiki baada ya wiki anaweza kupatwa na hayo hayo, na kwake ndiyo kabisa hakuna anayehisi.

Kwa hiyo ukimpeleka mtu wa aina hii hospitali, usione aibu kutaja pombe, na useme amekaa muda gani bila kula vizuri. Kisha ulizia thiamini mapema, kabla ya dripu ya glukosi au pamoja nayo, kwa sababu mwili hutumia vitamini hiyo hiyo kuichoma sukari, na kwake imebaki kiduchu.