Ukweli wa lile sanduku la maoni

Najua yule mwenzangu wa stoo ameshawasimulia kwamba nilizimia kikaoni. Sikuzimia. Nilikaa chini na kiti hakikuwepo, hayo ni mambo mawili tofauti.

Sanduku lenyewe mnalijua, limepigiliwa pale karibu na choo, limeandikwa TOA MAONI KWA UHURU. (Nyie wa serikalini kwenye kupimwa utendaji mmetoka fomu za OPRAS mmeenda mfumo wa kompyuta wa PEPMIS, mnabofya tu, sisi huku tuna mbao na kufuli.) Bosi akasema safari hii anataka kusikia kila kitu, msiandike majina. Mjinga mimi nikaamini. Nikachukua karatasi kwenye boksi la printa, maana agizo lake mwenyewe ni kwamba karatasi iliyochapwa upande mmoja isitupwe, tubane matumizi, nikaandika kwa mkono wa kushoto mwandiko usijulikane, dakika arobaini jamani: “Bosi husikilizi. Tukija ofisini kwako unasema ehee huku unachezea simu. Tulikwambia feni imekufa, ukajibu hongera.”

Jumatatu akafungua sanduku mbele yetu wote. Ikatoka karatasi moja tu. Yangu.

Akavaa miwani, akaanza kusoma kwa sauti, taratiiibu. Watu wote macho kwenye maandazi. Alipofika kwenye hongera kuna mtu akapaliwa na chai. Mimi nikatikisa kichwa kwa masikitiko, nikasema kabisa “watu wengine hawana adabu.” Msinicheke, nina kodi ya nyumba.

Sasa mwanga wa dirishani si ukapiga ile karatasi, na mimi nimesimama mbele ya bosi naona upande wa nyuma wa karatasi. Kwanza nikaona YAH. Nikajipa moyo, barua zote zina YAH. Halafu RUHUSA YA MSIBA. Halafu majina yangu yote matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA. Nikaanza kuomba umeme ukatike, nikakumbuka ni saa nne asubuhi.

Ile ni rasimu yangu! Nilikuwa na harusi Tanga, nikaandaa barua mapema, ikatoka na kosa la herufi nikaitupia kwenye boksi nikaprinti nyingine.

Akamaliza kusoma. Akanyamaza. Akaigeuza polepole kama mtu anageuza chapati asiiunguze. Akasoma na upande wa pili, kwa sauti ileile: bibi mzaa mama amefariki Alhamisi tarehe 20, naomba zile siku 4 za kisheria. Akaangalia kalenda ya ukutani. Akashusha miwani.

“Leo si tarehe 17?”

Hapo ndipo nikakaa, na kiti ndo hivyo. Miaka mitatu huyu mtu hajawahi kunisikiliza, siku hiyo kasikiliza mpaka nukta.

Bibi mwenyewe asubuhi ileile alikuwa amenipigia anataka hela ya sukari.

Basi, barua ya onyo nimepata, feni imetengenezwa, harusi nimeangalia status, na bibi kaambiwa (na nani, anajijua) sasa anadai rambirambi zake. Bosi kanikabidhi ufunguo wa sanduku, eti mimi ndo mwenye moyo wa kutoa maoni. Jana nimelifungua. Kulikuwa na karatasi moja, mwandiko wa mkono wa kushoto:

POLE NA MSIBA.