Sebule za Marekani ndani ya jumba la Kiingereza

Claverton Manor, nje kidogo ya mji wa Bath, ni jumba la shamba la Kiingereza hasa. Ramani yake ilichorwa na msanifu majengo Jeffry Wyatville miaka ya 1820, na Winston Churchill, waziri mkuu wa baadaye wa Uingereza, alitoa hotuba yake ya kwanza ya kisiasa hapo mwaka 1897. Ndani, hata hivyo, kila kitu ni Marekani. Tangu 1961 limekuwa makumbusho ya sanaa za nyumbani za nchi hiyo, na baadhi ya vyumba vimejengwa kwa mbao zilizong'olewa katika nyumba za huko.

Waanzilishi wake, daktari wa akili Dallas Pratt na mfanyabiashara wa samani za kale John Judkyn, walitaka Waingereza waujue ufundi wa Wamarekani. Walifanya jambo la maana. Kiti kikiwekwa mbele ya meko, karibu na meza yake, kinaonyesha watu walivyoishi. Isitoshe, vitu hivi si ngawira ya vita. Wawili hawa walikuwa wakusanyaji wenye fedha zao.

Lakini sebule nadhifu husahaulisha. Kuna chumba cha kilabu cha pombe cha Conkey kutoka Massachusetts, ambako wageni wa makumbusho wamewahi kukaribishwa kwa keki za tangawizi. Kilabu hichohicho kilikuwa mahali pa mikutano pa Daniel Shays, aliyeongoza wakulima waliolemewa na madeni katika uasi wa 1786. Harufu ya tangawizi inamezwa haraka kuliko habari hiyo.

Mfano mzito zaidi ni mfarishi mmoja wa viraka (tandiko nene la kitanda), wenye mapambo ya umbo la vikombe vya komunyo, ulioshonwa na watumwa katika shamba la Mimosa Hall, Texas, yapata 1860. (Pamba ya watumwa wa kusini mwa Marekani ndiyo iliyolisha viwanda vya Massachusetts, na kitambaa chake, merikani, kikauzwa Unguja. Hatuko mbali kama tunavyodhani.) Kwa ustadi, mfarishi huo unashindana na kabati lolote la mahogani.

Tatizo ni kwamba nguo za kale huharibiwa na mwanga, kwa hiyo makumbusho kwa kawaida huzionyesha kwa zamu, ilhali kabati la tajiri hubaki sebuleni mwaka mzima. Vyumba visivunjwe, vinafundisha. Ila maelezo ya watumwa na wadaiwa yawekwe ndani ya sebule zenyewe, hata mfarishi unapokuwa stoo.