Ruta ikiachwa na mtengenezaji wake, tusiitupe

Ruta iliyo sebuleni kwangu niliinunua Kariakoo mwaka 2015, na kwa upande wa umbo lake haijawahi kunisumbua: antena zake ni nzima, haichemki kupita kiasi, na taa zake zinawaka kama siku nilipoitoa kwenye boksi. Kilichozeeka ni programu dhibiti yake, yaani ile programu iliyowekwa kiwandani ambayo ndiyo inayogawa intaneti kwa vifaa vyote vya nyumbani na kuamua nani aingie na nani azuiwe. Baada ya miaka michache mtengenezaji aliacha kuitolea masasisho. Kila nilipofungua ukurasa wake wa msaada nilikuta sasisho la mwisho ni lilelile, huku duka likiniuzia toleo jipya la ruta kama dawa ya pekee. Nilikataa kununua nyingine. Niliiondoa programu ile nikaweka OpenWrt, programu dhibiti huria inayotengenezwa na jumuiya ya wataalamu badala ya kiwanda, na ninaandika kwa sababu naamini kila aliyenunua ruta kwa fedha yake anapaswa kujua kwamba njia hiyo ipo.

Sababu iliyonisukuma kwanza ni usalama. Mwezi Januari 2021 watafiti walitangaza kasoro saba katika dnsmasq, programu ndogo ambayo kazi yake ni kuvipatia vifaa anwani za tovuti vinazozitafuta, na ambayo imo ndani ya ruta nyingi sana za majumbani bila wenye nyumba kuijua kwa jina. Kwa baadhi ya kasoro hizo, mshambuliaji angeweza kuidanganya ruta ikampeleka mtu kwenye tovuti bandia ilhali yeye ameandika anwani sahihi ya benki yake. OpenWrt ilitoa toleo lililorekebishwa mwezi huohuo. Ruta yangu, ambayo wakati huo bado ilikuwa na programu ya kiwandani, haikupata chochote. Tena hofu hii ina msingi, kwa maana mwaka 2018 iligundulika kwamba programu hasidi iliyoitwa VPNFilter ilikuwa imeingia katika ruta na vifaa vingine vya mtandao visivyopungua 500,000 katika nchi 54, na vingi vilikuwa vifaa vyenye kasoro zilizokwisha kujulikana hadharani. Ruta haina kioo cha kutuonyesha kwamba imeingiliwa. Huendelea kuwasha taa zake kama kawaida.

Wapo wanaodhani kwamba kubadilisha programu ya ruta ni aina ya udukuzi, kama kuchezea mita ya umeme. Historia yake inasema vingine. Mwishoni mwa mwaka 2002 kampuni ya Linksys ilianza kuuza ruta ya bluu na nyeusi iliyoitwa WRT54G, na baada ya muda wataalamu wakagundua kwamba ndani yake kulikuwa na Linux, mfumo endeshi huria, na programu nyingine zilizotolewa kwa leseni ya GPL. Leseni hiyo inampa mtu ruhusa ya kuitumia kazi ya wengine na hata kuiuza, kwa sharti kwamba anayepokea bidhaa apatiwe pia msimbo wake, yaani maandishi ambayo programu imejengwa kwayo. Mwaka 2003 kampuni ilitoa msimbo huo, na mwanzoni mwa 2004 mradi wa OpenWrt ulianza kutokana nao. Hata herufi tatu za mwisho za jina lake zimetoka kwenye ruta ile. Kwa hiyo ninapoweka OpenWrt situmii mlango wa wizi. Natumia haki iliyoandikwa ndani ya leseni ambayo watengenezaji wengi wa ruta wenyewe wanaitegemea kila siku, maana nao hujengea juu ya Linux hiyohiyo.

Hata hivyo, jambo lililobadilisha maisha ya nyumbani kwangu halikuwa usalama. Lilikuwa foleni. Mke wangu hufundisha kwa njia ya video jioni, na kwa miaka mingi sauti yake ilikuwa ikikatika kila simu ya mmoja wetu ilipoanza kuhifadhi picha mtandaoni. Tulikuwa tunalipia megabiti 20 kwa sekunde, nasi tukaamini kwamba tiba ni kununua kifurushi kikubwa zaidi. Tulikinunua, tatizo likabaki. Chanzo chake ni kwamba ruta na modemu nyingi (modemu ni kile kifaa kinachoiunganisha nyumba na kampuni ya intaneti) huhifadhi data nyingi mno zinazosubiri kutumwa, na zinazitoa kwa mpangilio wa aliyetangulia kufika. Fikiria bomba la mtaani ambalo mtu mmoja amekuja na madumu arobaini, na nyuma yake amesimama mama mwenye birika moja la chai. Maji yanatoka kwa kasi ileile, lakini mama atasubiri hadi dumu la arobaini lijae. Data za sauti ni birika. Picha zinazohifadhiwa ni madumu.

Wataalamu walianza kulizungumzia tatizo hili kwa nguvu mnamo 2011, na mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walichapisha mbinu iitwayo CoDel, inayopima muda ambao pakiti, yaani kipande kidogo cha data, imekaa kwenye foleni na kuchukua hatua foleni inapokuwa ndefu. Wengine, akiwemo Eric Dumazet na marehemu Dave Täht, waliiendeleza ili kila mazungumzo yapewe zamu yake, yaani mwenye birika asimsubiri mwenye madumu arobaini. OpenWrt ilikuwa uwanja wa kazi hiyo tangu mwanzo. Katika ruta yangu niliongeza programu ya kusimamia foleni iitwayo SQM, nikachagua ndani yake mbinu ya CAKE, iliyotokana na kazi hiyohiyo, nikaandika kasi iliyo chini kidogo ya ile niliyoipima, takribani asilimia 90, ili foleni ijengeke ndani ya ruta yangu ninapoweza kuisimamia badala ya kujengeka kwenye modemu nisiyoweza kuigusa. Jioni ileile mke wangu alifundisha saa mbili mfululizo bila sauti kukatika, na watoto walikuwa wanatazama katuni chumba cha pili. Tulirudi kwenye kifurushi cha awali mwezi uliofuata. Kwa anayetumia laini ya simu ambayo kasi yake hupanda na kushuka kila saa, kupanga kiwango hicho ni kugumu zaidi, na matokeo hayatakuwa mazuri kiasi hiki.

Kuhusu ufungaji, kazi yenyewe huchukua dakika chache. Maandalizi ndiyo yanayodai uangalifu. Nilisoma ukurasa wa kifaa changu katika tovuti ya OpenWrt mwanzo hadi mwisho, nikapakua faili linalokusudiwa kuwekwa juu ya programu ya kiwandani, kwa kuwa lipo jingine la kusasisha ruta ambayo tayari ina OpenWrt, na kuyachanganya ni kosa la kawaida. Nililinganisha alama yake ya uhakiki, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu unaothibitisha kwamba faili halijaharibika, na ile iliyochapishwa, nikaunganisha kompyuta kwa waya, na nikaiwasha ruta kwa betri, kwa sababu umeme ukikatika wakati hifadhi inaandikwa ruta inaweza kufa. Inapowaka upya hupatikana kwa anwani 192.168.1.1, haina nywila hadi uiwekee, na Wi-Fi yake imezimwa hadi uiwashe, jambo linalowatia watu wengi hofu bure wakidhani wameiharibu. Ruta nyingi, yangu ikiwemo, zina njia ya kuokolewa kwa kubonyeza kitufe cha kurejesha wakati wa kuwasha na kuipelekea faili kutoka kwenye kompyuta. Isome njia hiyo kabla ya kuanza, usisubiri hadi uihitaji. Na katika mipangilio ya Wi-Fi, chagua nchi uliyopo, maana masafa na nguvu zinazoruhusiwa hutofautiana na mawimbi yako yanafika kwa jirani.

Kinachowaangusha wengi zaidi ni toleo la kifaa. TP-Link TL-WR841N ni jina moja kwenye boksi, lakini toleo la 10 lina hifadhi ya megabaiti 4 na kumbukumbu ya megabaiti 32, toleo la 13 lina 8 na 64, na toleo la 14 likarudi kwenye 4 na 32. OpenWrt iliacha kuvihudumia vifaa vya 4 na 32 baada ya mfululizo wa 19.07, kwa kuwa havina tena nafasi. Vilevile ruta nyingi zenye chipu za Wi-Fi za Broadcom hazifai, kwa sababu programu za kuziendesha hazikufunguliwa. Na kile kisanduku ambacho kampuni ya intaneti imekuja kukifunga ukutani mara nyingi si mali yako. Kiache kama kilivyo, uweke ruta yako nyuma yake.

Sitamshauri mtu asiye na muda wa kusoma ajaribu peke yake usiku familia ikiwa inasubiri intaneti. Atafute kijana wa mtaani anayeijua kazi, amlipe, na akae naye aone anachofanya. Lakini kwa anayekwenda dukani leo, ninasisitiza jambo moja kuliko yote: orodha ya vifaa vinavyokubali OpenWrt iangaliwe kabla fedha haijatoka mfukoni. Mwezi uliopita niliongozana na jirani yangu kununua ruta. Muuzaji alituonyesha mbili za bei inayokaribiana, nasi tukaomba kuzigeuza tusome toleo kwenye lebo ya chini, kisha tukalitafuta kwenye orodha hiyo. Ya kwanza ilikuwa na megabaiti 4 za hifadhi. Ya pili ilikuwa na 16 na kumbukumbu ya 128, na ndiyo tuliyoondoka nayo.