Mtafiti kijana wa vimelea aanzie wapi: darubini au vinasaba?

Kijana anayetoka chuoni na shahada ya parasitolojia hukutana na washauri wa aina mbili. Kuna wanaomhimiza akimbilie maabara ya vinasaba, kwa kuwa ufadhili na majarida makubwa yako huko. Wengine humwambia akae kwanza na darubini, slaidi na rangi ya Giemsa inayofanya vimelea vionekane kwenye damu, shingo iume ikibidi.

Hao wa kwanza wana ushahidi mzito. Mwaka 2020 ilichapishwa taarifa ya vimelea vya malaria nchini Rwanda vyenye badiliko la R561H katika jeni ya kelch13, linalohusishwa na usugu dhidi ya artemisinin, kiungo kikuu cha dawa mseto za malaria. Kati ya sampuli zilizochukuliwa Masaka, nchini humo, miaka ya 2013 hadi 2015, asilimia 7.4 zilikuwa nalo. Darubini isingeligundua kamwe. Kwenye slaidi, kimelea chenye badiliko hilo na kisicho nalo ni pacha.

Lakini taarifa ile haikuonyesha kwamba dawa imeanza kulegea. Jibu lilikuja 2021, kutokana na wagonjwa waliofuatiliwa mwaka 2018: huko Masaka na Rukara, zaidi ya asilimia 10 walikutwa bado na vimelea siku ya tatu ya matibabu. Dawa mseto iliendelea kuwaponya walio wengi, ila vimelea vilikuwa vinachelewa kuisha. Na hilo lilijulikana kwa sababu kuna mtu aliinama akavihesabu.

Eritrea mambo yalianza kinyume. Wagonjwa walionekana na vimelea kwenye darubini huku kipimo cha haraka kikisema hawana. Vinasaba vilikuja baadaye kueleza kwa nini: vimelea hivyo vilikuwa vimepoteza jeni ya hrp2, inayotengeneza protini ambayo kipimo huitafuta.

Kwa hiyo mimi ningempeleka kijana kwenye darubini kwanza, ila nisingemwacha huko. Macho huchoka, wasomaji wawili wa slaidi moja hutofautiana, na vimelea vichache mno hupita bila kuonekana. Tena asiyejua vinasaba huishia kuwa mchota damu wa utafiti wa wenzake: sampuli hupanda ndege, yeye hubaki na boksi tupu la barafu.

Hata hivyo, siku ya tatu mgonjwa huwa ameshajisikia mzima, yuko shambani au sokoni, na hana hamu ya kuchomwa kidole tena. Kumfuata huko hadi akubali ni kazi ambayo hakuna mashine ya kusoma vinasaba inayoifanya.