Geuza Kitambaa Uone Nyuma

Mpe fundi wa kudarizi kitambaa, hatakitazama mbele. Atakigeuza. Mbele ni ua tu. Nyuma ndiko anakoona uzi ulianzia wapi, uliruka wapi na fundo lilifichwa wapi. Shangazi yangu hapa Kisumu hufanya hivyo hata ugenini, kabla hajaketi vizuri. Ndiyo sababu mjadala kuhusu makusanyo ya zamani ya lesi na udarizi, kama mafundi wetu wajifunze kwa yale ya Ulaya au tukusanye ya kwetu, naupima kwa swali moja: fundi anafika nyuma ya kitambaa?

Vijana wanaofuma Kisumu na Nakuru hutafuta michoro kwenye simu, na huko hukutana na lesi za Ulaya zilizohifadhiwa katika makumbusho ya Victoria and Albert, London. Makumbusho hayo yalianzishwa mwaka 1852 kwa nia ya kuwafundisha mafundi na wenye viwanda usanifu bora, kwa hiyo fundi anayechukua wazo humo hajaiba kitu. Wanaoyatetea wana hoja nzito zaidi ya hiyo. Wakati wa njaa kuu ya Ireland, iliyoanza mwaka 1845, wanawake waliiga lesi ya sindano ya Venice kwa krosheti, kwa kuwa krosheti inakwenda haraka, wakauza wakalisha watoto. Kuiga kule kulizaa mtindo mpya kabisa, ambao leo nao unakusanywa na kuigwa. Anayemcheka binti wa Nakuru kwa kuiga lesi ya Kizungu aikumbuke hadithi hiyo.

Wapinzani wanauliza: mbona tunahangaikia hazina ya London huku vitambaa vya mama zetu vinafuliwa mpaka vinachanika? Nami nauliza hivyo hivyo. Wengine hujibu kwamba hata hivyo vitambaa vya kochi si urithi wetu, vililetwa na misheni na vikundi vya Maendeleo ya Wanawake, chama kilichoanzishwa mwaka 1952 kwa msaada wa serikali ya kikoloni, mwaka uleule ilipotangazwa hali ya hatari. Ni kweli, na hakuna haja ya kuificha. Lakini sindano ikikaa mkononi mwa mtu miaka mingi huanza kusema lugha yake. Shangazi ana kitambaa cha meza ambacho pembe tatu zina mawaridi ya kitabu cha michoro. Pembe ya nne ina ngege. Magamba yake ni mishono midogo ya mnyororo kwa uzi wa kijivu, ule uzi ukamwishia katikati ya mkia, akamalizia kwa wa samawati. Hakuna kitabu kilichomfundisha yule samaki.

Kuhusu kufikiwa, London imejitahidi. Tangu mwaka 2025 makumbusho yale yana ghala la wazi, V&A East Storehouse, ambako mtu yeyote huomba kifaa akitakacho kitolewe akitazame kwa karibu. Ila nauli na viza vinabaki palepale. Anayebaki na picha ya simu mara nyingi anapewa mbele tu.

Ndiyo maana naegemea upande wa kukusanya hapa hapa, ingawa si kwa kufungia vitu kwenye kabati la kioo. Wahifadhi wana haki kuogopa jasho la mikono na mwanga wa jua, vinavyoua uzi taratibu, na hewa ya ziwani ina unyevu wake. Basi vile vya kale vitunzwe, na pembeni viwepo vielelezo vilivyoshonwa upya, vya kushikwa, kugeuzwa, hata kufumuliwa. Makumbusho ya Kisumu yana boma la Kiluo, Ber-gi-dala, ambalo mgeni hutembea ndani yake akaelewa nyumba ya nani inakaa wapi. Kitambaa nacho kinahitaji kuingiwa namna hiyo.

Majuzi binti wa jirani alikuja kuazima kile kitambaa cha ngege. Shangazi alikataa kisitoke nyumbani. Akamwambia anawe mikono, akamwekea kiti karibu na dirisha. Binti alikaa hapo alasiri nzima, kitambaa kimegeuzwa mapajani, kidole kikifuata uzi hadi pale kijivu kilipokwisha na samawati ikaanza.